Chupa ya Pili

Saa nane usiku. Damu ya kwanza
imenipa tisa, namba ya kurudisha watu nyumbani.
Grafu ya moyo nayo haina kosa.

"Ni vidonda vya tumbo," asema Nereah,
fundi cherehani wa Kibuye,
kiganja kifuani kama anayezuia kitambaa kisiteleze.
Ana sare kumi na nne za shule,
na Jumatatu ndiyo hii inayokucha.

Nikamwambia tungoje saa tatu, nimtoe damu tena.
"Basi ile ya kwanza iliongopa?"

Haikuongopa. Ilikuwa haijapata habari.
Msuli wa moyo una uzi wake, troponini,
hauonekani damuni
mpaka pachanike mahali.

Akacheka kidogo, jasho kipajini:
"Hata wateja wangu. Ukiwapima mara ya kwanza
wanabana tumbo."

Mvua ya ziwani ikapiga mabati ya maabara.
Mashine ikazunguka, ikazunguka.

Kumi na moja alfajiri: mia mbili na sita.

Nilikimbia na karatasi, kandambili moja ikabaki koridoni.
Daktari Wekhomba alikwisha simama.
Nereah akafumbua jicho:

"Kipimo kimekuja?"
Kimekuja, mama.
"Kimezidi?"