Kituo Kisicho na Namba

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi napanda ngazi
kwenye nguzo za taa, Sheffield, upande wa reli,
koleo mfukoni, na vibomba vya plastiki
vifupi kama kidole cha mtoto.
Navua cha zamani, navisha kipya.
Kibomba hakina betri wala maneno.
Kinaning'inia mdomo chini,
kinaonja kila kilichopita, siku thelathini,
kisha kinakwenda maabara na lebo yake:
kituo cha kwanza, cha pili, hadi cha kumi na sita.

Mtaa wa Lingard umefungwa tangu Machi.
Halmashauri ilileta masanduku ya mbao, ikayajaza udongo,
ikayapanga njiani kama wageni waliokataa kuaga.
Nilipopanda pale mara ya kwanza baada ya hapo
nilisikia kitu nisichokizoea: kijiko
kikigonga kikombe ndani ya nyumba ya mtu.
Bi Winifred Oakes ameotesha vitunguu
kati ya maua ya serikali.
"Usiwaambie," akanong'ona.
Watoto wamechora kwa chaki katikati ya lami;
ngazi yangu ilisimama juu ya kichwa cha joka.

Lakini gari halifi kwa kufungiwa mlango.
Huzunguka.
Huzunguka hadi Barabara ya Thornsett,
na Thornsett ndiko nilikopanga,
ghorofa ya pili, juu ya duka la Gulzar la matunda.
Saa mbili asubuhi foleni imelala pale
kama chatu aliyemeza mbuzi.
Taa nyekundu, kijani, nyekundu,
na hakuna kilichosogea ila moshi.
Gulzar anapangusa tofaa moja moja,
kitambaa cheupe kinaingia usiku mapema.
"Dada," anasema, "wenzetu wamepewa bustani,
sisi tumepewa foleni yao."
Mimi ndiye mpimaji. Natafuna jibu, nalimeza.

Maana nilikuwepo pia Novemba ile,
Lingard, kabla ya masanduku,
gari linalokwepa taa liliposhuka kilima
na Callum Ibbotson, wa darasa la nne,
alikuwa amechutama anafunga kamba ya kiatu.
Alipona. Mguu mmoja umebaki mfupi kuliko mwenzake.
Siku hizi anapita katikati ya barabara,
anachechemea, polepole, makusudi,
na hakuna honi.
Nani atamwambia arudi pembeni?

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa.
Walipiga makofi, kila upande kwa zamu yake.
Bwana wa halmashauri alitandaza ramani:
mishale ya kijani, mishale ya rangi ya chungwa.
Nyumba yangu ilikuwa chini ya kidole chake gumba.

Usiku mwanangu Shaibu hulala ameketi,
inhela chini ya mto.
Nasikia kifua kikipiga filimbi,
nasikia lori likibadili gia,
na mara nyingine sijui kipi ni kipi.

Mwezi uliopita kilibaki kibomba kimoja.
Nikakifunga nje ya dirisha lake kwa uzi wa kushonea.
Kwenye lebo, mahali pa namba,
nikaandika: Shaibu, miaka saba.
Nikakitia katika boksi pamoja na wenzake.

Majibu yamekuja leo.
Vyote kumi na sita vina tarakimu zake.
Lingard imeshuka, Thornsett imepanda,
ndoo mbili za kamba moja kisimani.
Mstari wa kumi na saba:
Sampuli haijatambuliwa. Haina kituo.

Nikafungua dirisha.
Nikapitisha kidole ukingoni, kutoka pembe hadi pembe,
nikakiinua kwenye mwanga wa taa za breki
na kukisoma.