Kwa Ndewario, Kabla ya Jumatatu

Vaa singlendi. Shati la vifungo litakuchelewesha,
na bega lako halitaki kuchelewa.
Mimi nilikwenda na gauni la kitenge la kubana,
nililishona mwenyewe, likaniumbua mwenyewe:
lilifika gotini likagoma, na goti ndilo lililoitwa.

Beba picha za eksirei, zote,
hata ile ambayo mama yako ameitundika dirishani kuzuia jua.
Andika dawa unazokunywa. Na ile ya mizizi, shemeji.
Anayekutibu hawezi kukisia kilichoko mvunguni.

Usidhani ni kukandwa.
Nilidhani nitalala, nipakwe mafuta, niamke mzima,
kama nguo inavyokwenda kwenye pasi imekunjamana
ikarudi imenyooka.
Kumbe nguo ni wewe, pasi ni wewe,
na mkaa unaununua wewe.

Mtaalamu wetu anaitwa Naserian. Mfupi, sauti ya chini.
Hakuanza na goti. Aliniuliza:
"Unataka urudi kufanya nini?"
Nikasema, kupona.
"Kila aliyeko kwenye benchi anataka kupona," akasema,
akasubiri. Feni ikazunguka.
Nikasema: nataka kukanyaga cherehani.
Akaliandika neno hilo juu kabisa ya karatasi,
na yote tuliyofanya baadaye yalishonewa hapo.

Basi njoo na jibu lako.
Usiseme bega. Bega si jibu.
Sema kumnyanyua Elinaike akashike dari,
au hata kujikuna mgongo, kama ndilo la kweli.

Kuhusu maumivu.
Kuna lile la kuvuta, kama uzi uliokazwa mno;
hilo ukipumua linalegea, na usiku utakuwa umelisahau.
Kuna lile la kuchoma, kama sindano iliyokatikia kidoleni.
Hilo usilimeze. Najua tulivyolelewa kumeza,
wewe hasa, uliyeanguka toka kwenye mparachichi
ukawaambia watu umekaa tu chini kupumzika.
Ukinyamaza pale, unamdanganya anayekushika.

Mimi nilidanganya kwa namna nyingine.
Wiki ya tatu. "Ulifanya mazoezi nyumbani?"
Nikasema ndiyo, asubuhi na jioni, mbele ya Mungu.
Akachukua kipimo chake, mikono miwili kama mkasi butu,
akakilaza gotini.
Nyuzi sitini na tano.
Wiki iliyotangulia, nyuzi sitini na tano.
Mtu wa nyuzi mimi, nikashindwa na nyuzi!
Hakusema kitu. Na mimi ninayewapima watu kila siku
hapa Kiborloni, ninayemjua mteja anayebana tumbo
futi ikipita kiunoni,
nikabana tumbo.

Siku hizo zote ni nusu saa yake na wewe.
Zilizobaki ni zako na ukuta wa chumbani.

Watakupa mfano wa mlima: polepole, utafika kileleni.
Waache. Wanaopanda mlima hushuka wiki ileile
wakanunua fulana.
Wewe hesabu vidole vyako vinavyotambaa ukutani,
weka alama kwa chaki, kesho uipite kwa upana wa kucha.
Kesho kutwa huenda usiifikie. Usiifute.

Sitakuficha: goti halikurudi lote.
Linakunja, linakunja, halafu linasema basi.
Kanisani nasali nimekaa,
na sijaona bado kwamba sisikiki.

Lakini mwezi wa nne, jioni, wateja wamekwisha,
niliweka mguu juu ya pedali.
Gurudumu likakubali.
Sikuwa nimetunga uzi. Nilikanyaga tu,
kitambaa kikapita chini ya sindano kikatoka
hakijashonwa na kitu, ila mstari wa matundu madogo
ulionyooka, toka pindo hadi pindo.

Nimekitunza. Nitakuletea Jumapili.
Si hirizi. Kishike kwenye mwanga tu, uone.

Na Jumatatu uende umekula.