Kwa Futi

"Futi moja ni futi moja," asema Bwana Onzima,
mkononi ameshika utepe wa fundi wake wa vigae.
"Elfu ishirini, toka juu hadi chini.
Udongo ni uleule."

Uleule.
Namtazama mtu ambaye shimo refu kuliko yote alilolijua
ni kaburi la baba yake,
nalo alilitazama akiwa ukingoni.
Sikiliza basi, bwana, nikuhesabie.

Futi ya kwanza ni ya jembe.
Mizizi ya muhogo, kizibo cha soda, mfupa wa kuku.
Watoto wanaopita wananisalimia, jua linanipiga kisogoni,
na Anguyo, mshika kamba wangu, hana kazi ila soga.
Hiyo kweli ni ya elfu ishirini.
Ningeweza hata kukupunguzia.

Futi ya kumi, kichwa changu kimeshazama.
Udongo mwekundu unanata kwenye koleo
kama ugali wa muhogo kwenye mwiko.
Sasa kila ndoo lazima ipandishwe,
na mikono inayoipandisha nayo ina tumbo.
Elfu thelathini.

Futi ya ishirini natanguliza mshumaa.
Ukizimika, siendi.
Ukiwaka, nashuka,
na mbingu yote inabaki ukubwa wa sahani.
Huku chini kokoto haidondoki, inakuja.
Ezama alishuka nami miaka sita,
mpaka shimo moja kule Oli
tulilolikubali kwa elfu kumi na tano kila futi
kwa sababu karo ilikuwa imetukaba koo.
Kwa bei hiyo hapakuwa na pesa ya mbao za kukingia kuta.
Siku hizi anauza muda wa maongezi kibandani,
mguu mmoja kaunyoosha, haukunjiki.
Mguu wa Ezama, bwana, tuuandike futi ya ngapi?

Kumi za mwisho, elfu hamsini.
Jumla milioni moja.
Nimeiandika hapa, nyuma ya mfuko wa saruji.
Uweke, uusome ukitulia.

Alicheka. Alisema choo si benki.
Alisema yupo kijana wa Awindiri, nguvu mpya,
atachimba futi zote thelathini kwa laki sita, na asante juu.
Nikamwachia mfuko wake na utepe wake.

Jioni mke wangu hakuuliza.
Aliliona jembe halina udongo,
akapika mboga bila ufuta.
Nami nikakesha nikijipunguzia mwenyewe:
hamsini, arobaini na tano, arobaini, haya thelathini na tano…
Usiku ni mnunuzi mbaya kuliko Onzima.

Siku ya tisa yule kijana akaja kwangu,
udongo umemkaukia masikioni.
Yuko futi ya kumi na tisa.
Anaomba kuazima kamba,
na ule mshumaa, kama bado ninao.

Sikumcheka. Mabega yale nilikuwa nayo mimi.
Nikamwambia: keti, kunywa maji.
Kamba hii hapa, mshumaa huu hapa, sikutozi.
Lakini kabla hujaifunga kiunoni
nenda ukasimame mlangoni pa Bwana Onzima,
juu ya vigae, na matope yako hayohayo,
umtajie bei ya futi ya ishirini.
Ukishaitaja, nyamaza.
Usikifukie kimya kile kwa punguzo.
Kimya nacho kina kina chake;
mwache naye ashuke kidogo.

"Nitaje ngapi?"

Nikamuuliza jina la mama yake.
Alilitaja. Akakaa kitambo anaitazama kamba,
akaisokota mara moja kiganjani,
kisha akainuka, akashika njia ya Mvara.