Jicho la Kushoto

Nimesimama kando ya barabara hapa Surami
miaka kumi na tisa, mkate wa zabibu mkononi,
nikiupungia kila gari lipitalo,
na niliyoyaona, ukiniuliza,
sijui hata nianzie wapi.

Nianze na ng'ombe. Watano, wamelala katikati ya daraja,
wanacheua; pale upepo hufukuza inzi.
Lori la saruji limesimama mbele yao
limeinama kama mkwe.

Nimeona friji juu ya paa la Opeli,
mlango wazi, na ndani mche wa mlimau.
Nimeona gari lisilo na uso: bampa hakuna, taa hakuna,
matumbo yote nje,
na linakimbia kuliko yenye nyuso.
Nimeona dereva akilipita kanisa la kilimani
akaachia usukani apige ishara ya msalaba, mara tatu,
kwenye kona.
Nikasema moyoni: huyu hamwombi Mungu, anamjaribu.

Mwenda pole hajikwai, husema Guliko wa kibanda cha pili.
Kweli. Hugongwa nyuma.

Ila wa kwangu mimi ni Jumberi na Natela.
Gari lao lilikuja kwa meli kutoka Japani,
usukani uko kulia, upande wa mtaro,
na sisi huku twaendesha kulia.
Basi Jumberi, akiwa nyuma ya lori,
haoni kitu ila mgongo wa lori.
Anayeona ni Natela, kushoto, shingo nje ya dirisha,
kitambaa chapepea:
"Bado. Bado. Kuna basi. Bado. Nenda!"
Naye huenda. Miaka kumi na minne
ameingia njia ya mauti kwa neno moja la mkewe.

Jumamosi iliyopita walikuwa wamegombana.
Nilijua kabla hawajafika.
Kwanza lilitokea trekta na tela la majani makavu,
mwendo wa mtu anayetafuta miwani yake,
kisha wao, kisha foleni mpaka kwenye handaki,
honi, matusi, mmoja kachomoza juu ya paa
anapunga kiatu.
Natela kafumba mdomo.
Mbele yake barabara nyeupe pe, hata mbwa hayupo;
hasemi.
Jumberi kaung'ang'ania usukani, jasho linamtoka;
haulizi.

Kijana wa gari lisilo na uso hakuvumilia.
Alichomoka, akayapita magari tisa,
akalipita trekta, akamezwa na kona.
Sote vibandani tukanyamaza, mikate juu,
tukitega sikio.

Hatukusikia kitu. Mara nyingi hatusikii.
Lakini konani pale pana jiwe lenye picha tatu za vijana,
na glasi ya mvinyo
ambayo kuna mtu huijaza.

Wakasimama kwangu. Jumberi akanunua mkate mmoja,
akaumega, akamwekea Natela mapajani
kipande chenye zabibu nyingi.
Akala akitazama barabara.
Injini ikawaka.
"Bado," akasema, mdomo umejaa.
Gari la fedha likapita, vuup.
"Bado."
Jumberi alikuwa hatazami njia. Alikuwa anamtazama yeye.
"Nenda."