Nyuzi Sabini na Moja

Mwezi wa tatu goti langu la kushoto lilikunjika nyuzi sitini na nne.
Bi. Lechipya alipima kwa ile rula yake yenye bawaba,
akaandika kwa penseli,
akasema: tutaona.

Mimi nilikwisha kuona.
Nimeliona likivimba usiku bila kugongwa na mtu,
likipata joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi,
ngozi ikiwambika kama ya ngoma
na ndani yake damu isiyojua kusimama.
Wenzangu kule Kongwa walikwaruzika, wakapaka mate, wakarudi mchezoni.
Mimi nilikuwa mtunza viatu.
Miaka kumi nyuma ya goli, juu ya jiwe,
na kandambili za watu kumi na wanne;
hadi leo naweza kukwambia
soli ya nani ililika upande upi.

Mjomba Mdachi sikumkuta.
Alikwenda jandoni kwa miguu yake, akarudishwa amebebwa.
Wengine walisema husuda. Wengine, ngariba.
Mama alikuwa na miaka tisa,
ndiye aliyepewa zile shuka akazifue.

Kisha akanizaa mimi.
Himofilia, alisema daktari, nikiwa na meno mawili.
Mama akauliza: imetoka wapi?
Daktari akachora mishale kwenye karatasi
na mishale yote ikapitia kwake.
Tangu siku ile hajanikemea hata mara moja.

Dodoma mjini, saa nne asubuhi, chumba cha mazoezi.
Kwanza sindano ya mshipa, tungoje dawa ienee.
Halafu miwani, mizito, mkanda wake umekaza kisogo.
Dunia inazimika.
Inawaka nyingine.

Huko kuna theluji!
Waliotengeneza mchezo huu hawajaonja vumbi la Oktoba.
Mipira ya buluu inakuja ikielea, nami nimekaa kitini,
natakiwa kupiga teke.
Ninatazama chini: mguu si huu wangu.
Umenyooka, una kiatu chekundu, haujui lolote.
Nakunja. Nakunjua. Napiga.
Hakuna kishindo cha ngozi kwa ngozi,
lakini wavu umetikisika
na watu wasio na nyuso wamesimama kwa ajili yangu,
mtunza viatu.

Maumivu yapo, usidanganyike.
Ila yanafika yamechelewa, kama mgeni wa mbali,
wakati sherehe imeshaanza.

Kwenye benchi Mama anaona mambo mengine:
kijana wa miaka kumi na tisa, amefunikwa macho, anapiga teke hewa.
Siku ya kwanza aliruka kunishika.
Siku ya pili alishika benchi.
Leo, wiki ya kumi na moja, rula ilipofunguka
Bi. Lechipya aliisoma mara mbili, kisha akatafuta kalamu ya wino.
Sabini na moja.
Nyuzi saba. Fundi cherehani atacheka,
hazitoshi kushonea kifungo.
Mimi zinanitosha kupanda ngazi ya kliniki
bila kuuvuta mguu kama mbuzi asiyetaka mnada.

Mama akasema: hebu nami nivisheni hiyo kitu.
Tukamvisha juu ya kilemba.
Akanyamaza.
Akatazama chini kwa muda mrefu.
“Huu mguu wa nani?”
“Wako, Mama.”
“Mwongo,” akasema, akapiga teke

mpaka kandambili ikamchomoka, ikagonga kabati la mafaili,
ikaanguka chali karibu na mlango.

Niliinuka mwenyewe.
Hatua sita, za kuchechemea, lakini sita.
Nikainama kadiri nyuzi zangu zilivyoniruhusu, nikaiokota.
Soli imelika upande wa kulia,
upande alionipakata
mpaka nilipokuwa mkubwa wa kuona aibu.

“We Nyemo!” akafoka kutoka ndani ya theluji,
“umesimama hapo unashangaa nini?
Lete kiatu changu!”