Daftari la Chanjo

Alikuja mchana peupe,
na hapo ndipo ningejua.
Mbweha wa kawaida huja usiku, kama mwizi,
huiba utumbo wa sili, huondoka bila kuaga.
Huyu alishuka kutoka kwenye barafu ya ghuba
akapita katikati ya mbwa waliofungwa minyororo
kama mgeni mwalikwa anayetafuta kiti.
Manyoya meupe, kidevu kimelowa.
Hakumwogopa mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili,
nasi tuliidhani upole.

Kijiji chetu kina nyumba ishirini na mbili, kaskazini mwa Grinlandi,
na daftari la chanjo ni mimi ninayelitunza.
Mbwa sitini na wanane. Nimewaandika kwa penseli
kwa sababu wino huganda.
Jina, mwenye mbwa, tarehe, saini yangu: Nivikka.

Pualuk hakuwamo.
Alizaliwa wiki moja baada ya daktari wa mifugo kuondoka,
kitinda mimba aliyedhaniwa hataishi,
mguu mmoja mweupe kama glavu ya sufu, ndiyo maana ya jina lake.
Na watoto wa mbwa huku hawafungwi,
hutembea wapendapo mpaka meno yakomae.
Nilisema nitamwandika daktari akirudi.
Nilisema kesho. Kesho ilikuwa na dhoruba.

Mbwa wakubwa walimbwekea mbweha kutoka mwisho wa minyororo yao.
Pualuk, aliyekuwa huru, alikwenda kumsalimia.

Watu husema kichaa cha mbwa,
kana kwamba mbwa ndiye aliyekizaa.
Mbwa ni kivuko tu. Mbweha naye alikipata kwa mbweha,
katika ugomvi juu ya mzoga ambao hatutauona kamwe,
huko mbali dubu alikoacha mabaki.
Jino, mate, kidonda: hakihitaji zaidi.
Wala hakina pupa. Hakiogelei damuni kama homa,
kinashika mshipa wa fahamu, kinaukwea
siku hata siku, kutoka mguuni kwenda kichwani,
kikijua kuliko sisi kwamba haraka haina baraka.

Kidonda kilikuwa kidogo. Kilipona.
Wiki tano Pualuk alikula, alicheza,
alilala na paka wa Gerth nyuma ya duka, penye bomba la joto,
wakilambana masikio.
Wiki tano Tukummeq, mpwa wangu, miaka sita,
alimbeba ndani ya anoraki akienda shule,
pua nje, zipu hadi kidevuni.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Na kina joto, na kinanuka maziwa.

Wiki ya sita sauti yake ilibadilika.
Si kubweka, si kulia: bawaba isiyotiwa mafuta.
Taya lilining'inia. Alitafuna kamba ya sledi,
akatafuna jiwe, akamrukia paka,
kisha akamkimbilia Tukummeq, kwa mazoea,
na sijui hata leo kama alitaka kuuma
au kufichwa.

Kaaleeraq alichukua bunduki bila kunitazama.
Risasi moja. Kisha paka, chini ya ngazi za duka,
Gerth akiwa amegeuka anahesabu pakiti za sukari.
Kichwa kimoja kidogo kilipanda helikopta ndani ya kasha,
na kwenye kiti cha dirishani Tukummeq,
akienda kudungwa sindano, na nyingine, na nyingine,
akiuliza nani atampa Pualuk chakula.

Mbwa sitini na wanane wako hai.
Tukummeq naye yu hai. Amerudi na kovu kwenye kifundo cha mkono,
na hazungumzi nami habari za mbwa.

Jana nilifungua daftari, mstari wa sitini na tisa.
Nimemwandika. Jina, mguu mweupe, tarehe ya kuzaliwa.
Safu ya chanjo nimeiacha wazi.

Leo asubuhi kulikuwa na nyayo za mbweha barafuni,
nyepesi, zimenyooka, zimepita usiku kama inavyotakiwa.
Nilizifuata mpaka ukingoni
kuhakikisha kwamba zilituogopa.