Ni Kawaida

Nililinunua Pontypridd, mwezi wa tatu, manyunyu hayakatiki,
jekundu la nyanya mbivu,
jipya kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki.
Gari la Kikorea, bei ya mtu wa kima cha chini,
udhamini wa miaka saba. Carwyn muuzaji
aliitamka hiyo saba kama anayehesabu ng'ombe wa mahari.
Nikatia sahihi mara tisa.
Nikampigia dada yangu Muheza: nina gari.
Akauliza, la nani?

Mwaka wa pili likaanza kiu.
Si ya petroli, hiyo ningeielewa.
Oili. Lita nzima kila maili mia tisa,
bila tone sakafuni, bila moshi,
linakunywa kama mlevi wa siri, jikoni, taa zimezimwa.
Nikarudi Pontypridd na kijiti cha kupimia mkononi,
kikavu kama mswaki wa mvivu.
Kijana wa kaunta akatabasamu. Ni kawaida.
Imeandikwa, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili.

Kiti cha abiria sasa ni cha dumu la oili.
Nalifunga mkanda, la sivyo kengele inanilaumu njia nzima:
gari lisilojua kusema kwamba linakufa kwa kiu
linajua kupiga kelele kwa ajili ya mkanda.

Mimi kazi yangu ni kuwaosha wazee.
Nyumba kumi na moja kwa zamu, Treorchy, Ferndale, Maerdy,
kupanda na kushuka mabonde ambayo hayajawahi kuona tambarare.
Wananilipa dakika ninazokuwa ndani.
Barabara haina mshahara.
Kila lita ninayomimina ni mgongo wa mtu niliyemgeuza.

Zuwena wa Cardiff ana pacha wake, la kijivu.
Lake halinywi, lake linasahau:
linausahau ufunguo wake, linasahau kupandisha kioo mvua ikinyesha.
Tukikutana Ijumaa hatuanzi na hali za watoto.
"Lako limeamkaje?"
Rahisi ghali, mama alikuwa akisema,
lakini hakuniambia
hiyo ghali ningeitolea wapi.

Mzee Gwilym, nyumba ya saba, alilisikia kabla hajaniona.
"Hilo linagonga," akasema ndani ya barakoa ya oksijeni.
"Silinda ya tatu."
Alichimba makaa miaka thelathini na moja.
Nikamwambia, wenyewe wanasema ni kawaida.
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
kikohozi kikala dakika mbili za zamu yangu.
"Daktari wa mgodi naye aliniambia hivyo hivyo.
Kikohozi? Kwa mchimbaji? Kawaida."

Akanituma kwenye droo.
Madaftari manne, mwandiko mdogo kama wa mchwa:
tarehe, ngazi alizopanda kabla ya kusimama,
rangi ya kohozi.
Miaka kumi na minne, ndipo wakalipa.
"Usibishane nao kwa mdomo," akasema,
"mdomo unaishiwa pumzi."

Tarehe 6 Novemba. Maili 41,212. Nusu lita. Ferndale, mvua.
Tarehe 19. Lita moja. Nje ya kwa Bi Nerys, mvua.
Tarehe 2 Desemba. Lita na robo. Theluji, kwa heshima ya mabadiliko.

Nimewapelekea kurasa kumi na nne.
Wamejibu kwa karatasi nzito, nzuri, jina langu limekosewa,
wanathamini sana kuwa nami katika familia yao.
Nimeibandika daftarini. Nimeandika tarehe, na maili.

Jana taa ya oili iliwaka juu mlimani, kabla ya Maerdy.
Nikasimama, boneti juu, kondoo watatu wakinitazama
kama mashahidi wasiotaka kuitwa mahakamani.
Nilipofika nyumba ya saba, nimechelewa, vidole vyeusi,
pazia lilikuwa limeshasogezwa.
"Ya tatu," akasema,
"na ya pili imeanza."
Nikatoa kalamu kabla sijatoa glavu.